Bastola ya mfukoni kwa sisi tulioko Texas: anza na karatasi, fuata mfuko, duka liwe mwisho

Watu wetu walioko Houston na Dallas wanauliza sana habari za bastola ndogo ya kuweka mfukoni, hasa wanaofunga duka usiku, wanaoendesha teksi za mtandaoni na manesi wanaotoka zamu saa tano usiku wanakuta parking giza na hakuna mtu, na karibu kila mmoja anaanza na swali lile lile, ninunue ipi? Ndugu zangu hilo ni swali la mwisho. Kwanza karatasi, halafu mfuko, halafu kidole na kiganja chako, na ukishamaliza hayo utakuta bastola zilizobaki za kuchagua ni tatu nne tu na ule ubishi wa kalibra (ukubwa wa risasi) umejimaliza wenyewe.

Naongea na mtu anayeishi Marekani, na sheria za jimbo nachukulia mfano Texas maana ndiko tuliko wengi. Kama upo New York, New Jersey, California au Illinois mambo ya kubeba ni tofauti kabisa, sehemu ya kuchagua bastola itakufaa ila ya kubeba usiifuate. Na kama upo Dar au Nairobi basi hii sio ya kwako, huko mguu wa kuku ni suala la leseni ya polisi na sheria zake nyingine.

Hatua ya 1: karatasi kabla ya chuma

Sheria ya shirikisho, Gun Control Act ya 1968, inakataza duka lenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Ukifika dukani unajaza fomu namba 4473 ya ATF, idara ya shirikisho ya silaha, duka linapeleka jina lako kwenye mfumo wa FBI unaoitwa NICS ulioanza 1998, na mara nyingi jibu linarudi baada ya dakika chache. Bastola unanunua kwenye jimbo unaloishi, na kitambulisho kiwe na anwani yako ya sasa, sio ya ile apatimenti uliyohama mwaka juzi.

Fomu inauliza uraia na hali yako ya uhamiaji na hapa ndio penyewe. Mwenye grinkadi anaruhusiwa kununua na kumiliki, awe aliipata kwa bahati nasibu, kwa ndoa au kwa kazi, haijalishi. Aliyeingia kwa viza ya muda, yaani F-1 ya shule, B ya matembezi au H-1B ya kazi, amekatazwa kumiliki silaha na risasi, na katazo hilo sio la kununua tu bali hata kwenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) na washkaji ukashika bastola ya rafiki ukapiga picha ya Instagram. Kuna kamwanya kembamba kwa wenye leseni ya kuwinda ya jimbo, lakini usikaingie kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji, na simaanishi yule jamaa anayejaza fomu za watu kanisani, wakili. Asiye na karatasi kabisa asiguse.

Halafu kuna jambo ambalo muuza duka hatakwambia kwa sababu yeye hafikirii uhamiaji. Ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata lile linaloonekana dogo, sheria ya uhamiaji inatoa nafasi ya wewe kuondolewa nchini hata kama una grinkadi na nyumba na watoto waliozaliwa hapa hapa. Raia akikosea anaweza kulipa faini akaenda zake, wewe kosa hilo hilo linaweza kukufikisha kwa jaji wa uhamiaji. Kwahiyo unapoona wenzako Wamarekani wanabeba kizembe zembe usiwaige, hamchezi mchezo mmoja.

Mengine ya haraka: ukiwahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wako, hata kama lilihesabiwa kosa dogo, tangu 1996 huruhusiwi kumiliki. Bangi, hata kama jimbo lako limeiruhusu, fomu yenyewe ya 4473 inakuonya kwamba kwa shirikisho bado haijaruhusiwa. Na binamu akikwambia bro niandikie wewe kwa jina lako mimi ntakurudishia hela kwa sababu karatasi zake hazijakaa sawa, kataa, hata akununie mwaka mzima, maana tangu sheria ya 2022 kununua kwa niaba ya mtu kwa njia hiyo kunaweza kukupa hadi miaka 15 jela.

Kuhusu kubeba, Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi chochote anaweza kubeba bastola bila kibali. Watu wengi waliposikia hivo wakaona LTC, leseni ya jimbo ya kubeba, ni kazi bure. Mimi naona kinyume chake, tena kwa mhamiaji naona ni lazima kabisa. Darasa lake ni la masaa 4 hadi 6 na mtihani wa kulenga shabaha, ada ya jimbo ni dola 40, na faida yake kubwa ni kwamba sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1000 za shule isipokuwa kwa mwenye leseni ya jimbo hilo. Futi 1000 ni kama mita 300, hebu hesabu unapita shule ngapi ukienda kazini. Pia majimbo mengi yanaitambua leseni ya Texas, na darasani utafundishwa lini sheria inakuruhusu kutumia nguvu na lini hairuhusu, kitu ambacho video za mtandaoni zinakichanganya vibaya.

Jifunze na mabango. Lile lenye 51% nyekundu kwenye baa, na yale ya mlangoni yenye namba za vifungu vya sheria, 30.05 kwa asiye na leseni, 30.06 kwa mwenye leseni aliyeificha na 30.07 kwa mwenye leseni aliyeibeba wazi, ukiliona linalokuhusu geuza. Posta na majengo ya serikali ya shirikisho usiingie nayo hata kama bango limeanguka. Uwanja wa ndege ukifika kwenye mashine za ukaguzi za TSA na bastola mfukoni siku yako imeharibika. Pombe na bastola havikai mwili mmoja. Na kazini soma sera ya mwajiri, hospitali nyingi zinakataza na zinafukuza, kwahiyo wewe nesi ambaye ndio mfano wangu wa parking yenye giza inawezekana kabisa jibu lako ni kumwomba sekyuriti akusindikize na sio bastola.

Hatua ya 2: pima mfuko

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Chukua katoni, kata vipande vitatu. Cha kwanza sentimita 13 kwa 9, hicho ni saizi ya Ruger LCP. Cha pili 15 kwa 11, hapo upo kwenye SIG P365. Cha tatu 16 kwa 11, rivolva ndogo ya Smith & Wesson ya kundi la J. Halafu vaa suruali zako zote unazovaa kazini, moja moja, ingiza kipande mfuko wa mbele, kitakaa ndani ya holsta (ala ya bastola) kwa hiyo ongeza upana kidogo, na jaribu mambo matatu: kinazama chote bila kuchungulia? mkono wako ukiwa umekishika unatoka au unakwama kwenye mdomo wa mfuko? ukikaa kwenye kiti cha gari unakifikia?

Hilo la tatu litakuumiza. Mfuko wa mbele ukiwa umekaa, mkanda wa gari umefungwa, bastola inakuwa imelala kwenye paja na mkono hauingii. Ni udhaifu wa kubeba mfukoni kokote duniani na hakuna bastola inayoutibu. Dereva anayekaa garini masaa kumi ajue hivo kabla hajatoa hela, mfukoni ni njia ya mtu anayesimama na kutembea.

Jinzi za kubana sahau. Suruali za kaki, za kazi, kaptula zenye mifuko ya kina, koti la baridi, hizo zinafaa. Na dada zangu, mifuko ya suruali nyingi za kike imeshonwa kama pambo, kipande cha kwanza tu hakiingii, kwahiyo aidha unatafuta fundi akuongezee kina cha mfuko au unahamia njia nyingine ya kubeba. Mkoba siupendi, mkoba unaibiwa na mkoba unafunguliwa na watoto wakitafuta pipi.

Uzito nao ni mfuko. Kitu cha gramu 300 kikijazwa risasi unakizoea, kitu cha gramu 500 na zaidi kinavuta suruali upande mmoja na kinagonga gonga paja ukipanda ngazi, na kila anayekuangalia anaona una kitu. Umbo likichoreka kwenye kitambaa hapo hakuna siri tena.

Hatua ya 3: rivolva au ya magazini

Hapa ndio nataka tukae kidogo. Rivolva risasi zinakaa kwenye silinda inayozunguka, ya magazini zinakaa kwenye kasha ndani ya mshiko na juu ina sleidi, kile kipande kinachorudi nyuma kila ikipigwa.

Rivolva za mfukoni zinazojulikana zaidi ni Smith & Wesson 442 na 642, ni bastola ile ile rangi tofauti, na Ruger LCR iliyotoka 2009. Zote risasi tano, kalibra .38 Special, nyundo imefichwa ndani kwahiyo hakuna kinachonasa kwenye kitambaa ukivuta. Ukoo wa hizo za Smith, kundi la J, ni wa zamani, ulianza 1950, na bado zinauzwa kwa sababu umbo lake la mviringo mviringo linaingia na kutoka mfukoni vizuri kuliko kitu chenye pembe, na mshiko unakaa mahali kiganja kinapotaka. 642 ina kama gramu 410, LCR kama 380. Hakuna sleidi ya kuvuta, kwahiyo mtu mwenye viganja dhaifu au arthritisi hapati shida ya kukoki. Risasi ikigoma unabonyeza tena inakuja nyingine. Na ikiwa ndani ya mfuko wa koti inaweza kufyatua bila kunasa, wakati ya sleidi kitambaa kinaweza kuizuia isirudi.

Ubaya wake sasa. Triga (kifyatulio) ni nzito na ndefu, nzito kweli, zile J zinacheza kwenye pauni 12 hivi, LCR ni laini zaidi kidogo. Kwa upande wa usalama hiyo ni sifa maana haifyatuki kwa kuguswa tu, kwa upande wa kulenga ni mtihani maana ukivuta kwa nguvu hivo mtutu unayumba, na mtutu wenyewe ni inchi mbili kasoro. Na mshtuko! Watu wanadhani kwa sababu ni kadogo basi ni katamu, kumbe ni kinyume, kadri chuma kinavyokuwa chepesi ndivyo kinavyokurudia mkononi, .38 kwenye rivolva ya gramu 400 inauma na ukiweka zile zenye alama ya +P, yaani za presha kubwa zaidi, inauma zaidi. Ndio maana sielewi kwa nini wauzaji wengi bado wanamkabidhi mwanamke mgeni wa silaha kirivolva chepesi wakisema hiki ndio cha akina mama. Anapiga risasi tano, mkono unamuwasha, harudi tena renji, bastola inakaa kabatini. Unene nao, silinda ina kama milimita 33 na hiyo ndio inayochoreka.

Upande wa magazini kuna ngazi mbili. Ngazi ya chini ni zile za .380 nyembamba kabisa. Ruger LCP ilitoka 2008, gramu kama 270, unene milimita 21 hivi, risasi 6 kwenye magazini. Ndugu yake LCP MAX ilitoka 2021, inachukua 10 na uzito umepanda kidogo tu kufika 300. Smith & Wesson wakajibu na Bodyguard 2.0 mwaka 2024, saizi hiyo hiyo na risasi 10 au 12. Kuna Glock 42 pia, ya 2014, kubwa kidogo na nzito zaidi, karibu gramu 390, ila kwa hilo hilo inapigika kwa utulivu. Ukitaka nyepesi kupita zote kuna Kel-Tec P32 ya kalibra .32, haifiki gramu 200 ikiwa tupu, bastola ya mtu aliyejaribu zingine zote zikamshinda kwa mifuko.

Ngazi ya juu ni za milimita 9, kama SIG P365 ya 2018 na Glock 43 ya 2015, zote zinagusa gramu 500. Ni bastola nzuri kuliko zote nilizotaja hapo juu kama kazi ni kulenga na kupiga. Tatizo ni kwamba kwa wanaume wengi wenye suruali za kawaida sio za mfukoni, ni za kiunoni, na watu wanazilazimisha mfukoni kwa sababu kila mtu mtandaoni anazisifia. Kama kipande chako cha pili cha katoni kiliingia vizuri kwenye suruali zote basi hongera, chukua. Kama kiliingia kwenye moja tu, usijidanganye.

Walther PPK, ile ya sinema za James Bond, wengine wanaiulizia. Nzuri kuangalia. Ni nzito kwa saizi yake, na mfumo wake wa zamani wa sleidi usiofunga na mtutu unafanya .380 ile ile irudi mkononi kwa ukali kuliko kwenye bastola za kisasa. Weka kwenye kabati la vioo.

Sasa triga za hizi za magazini zinatofautiana sana na hili ni la uhai. LCP ya kwanza ina triga ndefu inayokaribia ya rivolva. P365 na Glock triga yake ni fupi na nyepesi zaidi, na nyingi hazina kitufe cha sefti (kufuli la usalama) cha kuzungusha kwa kidole gumba. Mfukoni, mahali ambapo kidole, ufunguo na uzi wa kitambaa vyote vinatembea, triga fupi bila holsta ngumu ni ajali inayosubiri tarehe. Kama unaanza kabisa, mimi ningekwambia chagua triga ndefu au yenye sefti ya mkono, hata kama itakupunguzia ustadi kidogo.

Hatua ya 4: kalibra, kwa kifupi

.32, .380, .38 Special, 9mm. Kubwa inafanya kazi zaidi ya ndogo, ndio, lakini tofauti kati ya .380 inayopiga unapolenga na 9mm iliyobaki nyumbani kwa sababu ni nzito haina mjadala. Angalia na mfuko wa pili, wa hela: risasi za .380 kwa kawaida ni ghali kuliko za 9mm ingawa ni ndogo, kwa sababu za 9mm zinatengenezwa nyingi mno, na ghali ya risasi inakufanya upunguze mazoezi. Chini ya .32 sikushauri kwa kujilinda, .22 inagoma mara nyingi kuliko nyingine kwa jinsi inavyotengenezwa.

Hatua ya 5: kodisha kabla hujanunua

Renji nyingi za Texas zinakodisha bastola, unalipa ada ya njia ya kulengea na unanunua risasi zao. Nenda na orodha yako ya mbili tatu zilizopita mtihani wa katoni. Kama hujawahi kushika silaha usiende na shemeji anayejua, lipa mwalimu saa moja, maana zile kanuni nne za Jeff Cooper, mwalimu maarufu wa silaha wa Marekani, zinahitaji mtu wa kukusimamia mpaka ziingie mwilini: chukulia kila silaha imejaa, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umelenga, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kwenye bastola ndogo kanuni ya pili ni ngumu zaidi, mtutu ni mfupi kiasi kwamba kiganja cha pili kinajikuta mbele yake bila wewe kujua.

Ukishaishika angalia hivi. Kidole cha shahada kinafika kwenye triga bila kukunja mkono wote? Vidole vingapi vinapata mahali pa kushika, viwili au vitatu? Sleidi unaweza kuivuta mara kumi mfululizo bila kuomba msaada? Piga taratibu shabaha ya yadi 5, halafu 7, na hesabu mashimo yanayokaa ndani ya sahani ya karatasi. Ukifika risasi ya thelathini unaanza kufumba macho kabla ya kubonyeza? Basi hiyo bastola imekushinda, sio aibu, rudisha kaunta chukua nzito zaidi. Angalia pia kama maganda ya risasi yanatoka vizuri, maana hizi ndogo zinataka mkono ulioshikilia imara, kifundo cha mkono kikilegea sleidi hairudi yote na inakwama, na watu wanalaumu bastola.

Hatua ya 6: bei, mpya au mtumba

Bei zinapanda na kushuka ila kwa makadirio LCP ya kawaida inapatikana chini ya dola 300, LCP MAX na Bodyguard karibu na 400, 642 na LCR kwenye 500 hivi, P365 inaweza kuzidi hapo. Tenga na hela ya holsta, kisanduku cha kufuli na risasi mia mbili tatu, usimalize bajeti yote kwenye chuma.

Mtumba sio mbaya, hasa rivolva. Kabla hujalipa andika namba ya seria uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama ilirudishwa kiwandani. Mfano LCP za mwanzo kabisa Ruger walizirudisha 2008 kwa sababu zilikuwa zinaweza kufyatuka zikianguka, na nyingine bado zinazunguka mikononi mwa watu. Texas mtu binafsi anaweza kukuuzia bila duka, lakini mimi ningepitisha dukani hata kwa kulipa ada kidogo, hujui hiyo silaha ilitoka wapi.

Hatua ya 7: holsta siku hiyo hiyo

Hutoki dukani na bastola ya mfukoni bila holsta ya mfukoni. Kazi yake ni kufunika triga yote, kuifanya bastola isimame wima mshiko juu, kuvunja umbo ili ionekane kama waleti, na kubaki mfukoni wakati bastola inatoka. Za kitambaa chenye mpira kama DeSantis Nemesis ni rahisi na zinatosha wengi. Za plastiki ngumu ya Kydex zinalinda triga vizuri zaidi, kwa zile zenye triga fupi ningechukua hizo.

Mfuko wa bastola ni wa bastola tu. Funguo, chenji, kiberiti, simu, vyote vihamie upande mwingine. Na kurudisha: usirudishe bastola kwenye holsta ikiwa holsta ipo mfukoni, toa holsta nje, ingiza bastola ukiwa unaiona, halafu viingie vyote pamoja. Inachukua sekunde kumi, na ndio sehemu ambayo watu wanajipiga paja.

Hatua ya 8: ijaribu kabla hujaiamini

Piga risasi za mazoezi kama 150 au 200 na kisha magazini kadhaa za zile unazokusudia kubebea. Za kubebea ni zile zenye tundu kichwani, na bastola ndogo zingine zinazikataa, zinakwama kuingia chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa), kwahiyo usinunue maboksi matano kabla ya kujaribu moja. Ikikwama mara kwa mara hata baada ya kusafisha na kupaka mafuta, rudisha kwa mtengenezaji, usijipe moyo kwamba itajirekebisha. Anayechagua rivolva ajifunze kujaza kwa ukanda wa risasi, ule mwembamba unaolala mfukoni, ila ni taratibu.

Mazoezi ya kuvuta fanya nyumbani bastola ikiwa tupu, umeikagua mara mbili, na risasi zipo chumba kingine kabisa. Ukiwa unaingiza mkono weka kidole gumba juu ya mgongo wa bastola badala ya kukunja ngumi, ngumi haitoki mfukoni. Fanya pole pole.

Hatua ya 9: kuishi nayo

Mfukoni kuna vumbi la kitambaa kuliko unavyofikiria. Kila wiki ipulize na uifute, kila mwezi ifungue. Kama unatoa risasi ya chemba kila usiku na kuirudisha asubuhi, usirudishe ile ile miezi yote, kichwa chake kinasukumwa ndani kidogo kidogo na presha inapanda, ikianza kuonekana fupi kuliko wenzake itupie kwenye boksi la kuharibiwa renji.

Nyumbani ikitoka mfukoni inaingia kwenye kisanduku cha kufuli kilichofungwa kwenye kitu kizito. Sio juu ya kabati, sio chini ya godoro, watoto wanajua chini ya godoro. Texas ni kosa kuiacha mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Kwenye gari usiifanye makazi yake, bastola nyingi zinaibiwa kwenye magari yaliyoegeshwa. Na kama kuna mtu ndani ya nyumba anapitia kipindi kizito, amefiwa, amefukuzwa kazi, ameanza kuongea kama mtu anayeaga, au mtu huyo ni wewe, bastola itoke humo ndani kwa muda na mpige 988, namba ya msaada kwa anayefikiria kujiua, hili naomba lisichukuliwe kama porojo.

Ukisimamishwa na polisi: injini zima, taa ya ndani washa, mikono juu ya usukani, subiri. Texas mwenye LTC aliyebeba akiombwa kitambulisho anatoa na leseni ya LTC pamoja. Sema una leseni na umebeba, sema ipo wapi, na usipeleke mkono huko hata kama waleti ipo mfuko huo huo, uliza kwanza nifanyeje. Philando Castile, dereva mweusi, tarehe 6 Julai 2016 huko Falcon Heights, Minnesota, alikuwa na kibali, alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, akapigwa risasi akiwa amefunga mkanda, na mwaka uliofuata askari akaachiwa huru na mahakama. Sisi ni weusi na lafudhi yetu ni ngeni, kwahiyo weka waleti na leseni mfuko wa mbali kabisa na bastola, kila siku, bila kusahau.

Ukipata safari ya nyumbani chuma kinabaki Marekani. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya nako kuna yake, na kutoka nayo Marekani pia kunataka vibali. Kagua begi la mkononi na la chini kutafuta risasi zilizosahaulika, hasa kama begi hilo ndilo ulikuwa unaendea renji. Bastola iache tupu kwenye kisanduku chenye kufuli, ufunguo uende nao wewe, au ulizia duka linalotunza silaha kwa ada. Rumeti usimwachie kabla hujajua karatasi zake zimesimamaje.